Kamome Haliendi Tanurini

Jumatatu, 3 Oktoba 1977. Shizuoka.

Mazoezi ya viungo ya asubuhi, uani, kama kawaida. Nilikuwa nimenyoosha mikono juu Mkuu Hagita aliponijia. Yeye ndiye mkuu wa idara ya usanifu hapa Komagata, kiwanda cha magari ya kuchezea. Mimi ni karani wake. Nachapa barua, nashika ufunguo wa ghala, napokea simu zisizopokelewa na mtu.

Akasema mifano yote ya zamani ya mbao iondolewe ghalani. Kalibu za gari jipya la redio, lile la kuongozwa kwa rimoti, zinahitaji nafasi. Mbao ziende kwa Mzee Nezu, mwenye nyumba ya kuogea ya mtaa, akapashie maji watu. Atakuja kuzichukua Alhamisi ya wiki ijayo. Anza na Kamome, akasema. Hilo likitangulia kuungua sitalia.

Nikasema ndiyo, Mkuu. Nikasema tena ndiyo. Mikono ilikuwa bado juu.

Moyoni nilisema hapana.

Niandike sababu, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Mwaka wa 1965 nchi nzima ilishikwa na wazimu wa magari ya mfereji. Vigari vya umeme, kila kimoja na kijiti chini ya pua, kijiti kinaingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa katika njia ya mbao. Usukani huna. Una kasi tu, na kila kona inakuuliza una akili kiasi gani. Karibu na kila stesheni palikuwa na ukumbi wa mashindano. Ndipo Komagata ikatoa Kamome, jina lenye maana ya shakwe. Pua ndefu, nyembamba. Mgongo umelegea kama shakwe anayekaribia kutua majini. Jeupe, mistari miwili ya buluu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nililipenda kuliko mbwa wetu.

Kisha shule zikapiga marufuku wanafunzi kuingia kwenye zile kumbi. Kumbi zikafungwa. Maboksi ya Kamome yakarudi kiwandani kwa malori.

Gari jipya la redio analisanifu Kaka Urushibata, kijana wa sifa wa idara, mwenye shati la kola ndefu. Bodi yake inafanana na sanduku la chakula cha mchana. Nimeandika. Sifuti.

Jumanne, 4 Oktoba.

Niliingia ghalani na rula. Ugunduzi mkubwa.

Kamome la dukani lilikuwa dogo, nusu ya ukubwa wa gari jipya. Kwa hiyo hata ningeiokoa kalibu yake ya chuma isingenisaidia. Lakini mfano wa mbao haukuchongwa kwa ukubwa wa dukani. Siku zile seremala alichonga kwa ukubwa mara mbili, kisha mashine ya kunakili ikaupapasa ubao kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukichonga chuma kwa nusu ya ukubwa. Nikaupima mfano. Nikaupima tena, mimi ni mtu mwangalifu. Ekseli kwa ekseli, unakaa sawasawa juu ya fremu ya gari la Urushibata. Miaka kumi na miwili Kamome limekaa gizani likisubiri redio zivumbuliwe kwa ajili yake.

Basi Kamome litakuwa bodi ya gari jipya. Nimeshaamua. Imebaki idara kukubali.

Hapa kwetu hoja haipelekwi kikaoni ikiwa mbichi. Unampitia kila mtu kwanza, mmoja mmoja, unamlainisha, ili siku ya kikao kazi iwe kutikisa vichwa tu. Nikaanza leo hii. Kwa tahadhari kubwa, bila kutaja Kamome wala mbao wala ghala. Nilimwambia mhasibu kwamba kuna kitu cha zamani hapa ofisini kinakaribia kuondolewa, na kwamba binafsi kinaniuma. Nilimwambia Urushibata kwamba vitu vya zamani, ukivitazama kwa makini, bado vina nguvu ndani.

Urushibata akanivuta pembeni. "Dogo, umesikia nini? Mzee anastaafu?"

Nikasema sijasema hivyo. Akanikonyeza. Akasema kweli, kweli, hujasema.

Saa tisa alasiri ghorofa nzima ilijua kwamba Mkuu Hagita anastaafu. Saa kumi walikuwa wanabishana kama apewe saa ya ukutani au fimbo ya kuvulia samaki.

Jumatano, 5 Oktoba.

Mkuu Hagita alituita wote. Akauliza ni nani aliyemzika yeye akiwa bado anapumua. Nikachonga penseli yangu kwa bidii, ingawa ilikuwa imeshachongwa.

Baadaye Dada Tomoe akanifuata kwenye birika la chai. Anaendesha mashine ya kuunda bodi za plastiki kwa kufyonza hewa na amekaa hapa kuliko mashine yenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, "hicho cha zamani chenye nguvu ndani ni Kamome, siyo?"

Nikauliza amejuaje. Akasema nimenaswa mara mbili nikiupangusa mfano ule kwa leso yangu, na kwamba mtu hapangusi kuni.

Kisha akaniambia jambo ambalo limeharibu mpango wote. Aliyelichora Kamome ni Hagita mwenyewe. Alilipenda kama mimi. Maboksi yaliporudi, kiwanda kikapunguza watu, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuwaambia, meza kwa meza. Tangu siku ile hajalitazama. Ukilitaja mbele yake, akasema Dada Tomoe, utakwenda na hizo kuni.

Niliogopa mpaka saa sita. Baada ya chakula nikaacha. Kama mtu hataki kuambiwa, ataonyeshwa. Jumatatu ni Siku ya Michezo, kiwanda chote kitakuwa uwanjani na familia zao, na gari la Urushibata litaendeshwa mbele ya Mkurugenzi. Baada yake litatoka Kamome. Watu wenyewe watachagua. Hagita hawezi kuuchoma uwanja mzima.

Alhamisi, 6 Oktoba.

Mapumziko ya mchana. Dada Tomoe alikubali kunitolea bodi kwa ule mfano, ila akataka nisimame mlangoni nikohoe mtu akija. Akaupachika mfano kwenye mashine, akalaza juu yake bapa la plastiki angavu, akalipasha moto mpaka likalegea kama unga uliokandwa. Kisha mashine ikafyonza. Pluu. Na pale palipokuwa na ubao mweusi pakawa na Kamome la kioo.

Nilikohoa kwa hisia. Dada Tomoe akazima kila kitu na kujificha nyuma ya mapipa. Nimemwomba radhi.

Jumamosi, 8 Oktoba.

Kazi nusu siku. Mchana nikapaka rangi kwenye baraza ya chumba changu, madirisha wazi, gazeti chini, kitambaa puani. Mwenye nyumba akapita na kuuliza kama naua mende.

Kwanza nyeupe, upande wa ndani. Nikasubiri ikauke kabisa. Kisha nikabandika utepe na kupuliza mistari ya buluu, miwili, iliyonyooka kama reli. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Nikaligeuza kulitazama kwa nje.

Jeupe lote.

Nimekaa nalo muda mrefu ndipo nikaelewa. Kamome la zamani lilikuwa la plastiki ngumu na lilipakwa kwa nje. Hili jipya ni angavu na hupakwa kwa ndani ili rangi isikwaruzwe, kwa hiyo kinachotangulia ndicho kinachoonekana, na kinachofuata kinafichwa nyuma yake. Mistari ilipaswa kuja kwanza. Hata wafagiaji wa kwetu wanalijua hilo. Mimi nimesoma uchumi.

Mistari ipo lakini. Iko ndani. Nimeamua kwamba Kamome jeupe ni zuri zaidi, na kwamba siku zote nimeliona hivyo.

Jumapili, 9 Oktoba.

Kwenye kabati la majaribio nilichukua fremu moja ya akiba na rimoti moja. Nimeazima. Azima bila kuomba bado ni azima, ukirudisha.

Hapa kuna hatari moja na nimeishughulikia. Gari na rimoti yake huongea kwa wimbi moja, na wimbi huamuliwa na vipande viwili vya kristali, kimoja ndani ya rimoti na kimoja ndani ya gari. Kila wimbi lina rangi yake. Ndiyo maana kila mwendeshaji hufunga utepe wa rangi hiyo kwenye antena, wenzake waone asije mtu akaingilia gari la mwingine. Tangazo la sheria hii limebandikwa ukutani, nimelichapa mimi mwenyewe: kila mmoja awe na utepe wa rangi tofauti.

Rimoti niliyoazima ilikuwa na utepe wa njano. Urushibata naye ni njano. Nikautoa wa njano, nikafunga wa buluu. Mtu mwingine angelisahau hilo.

Nimelijaribu kwenye changarawe za kingo za mto Abe. Linakimbia. Nililiendesha mpaka betri ikachoka, kisha nikalibeba nyumbani ndani ya kitambaa kama mtoto mchanga, na mwanamke mmoja kwenye basi akanipisha kiti.

Jumatatu, 10 Oktoba. Siku ya Michezo.

Naandika haraka, mwandiko utasamehewa.

Uwanja wa shule ya msingi, jua kali, mikeka, wake na watoto, wali wa njugu za vuli kwenye masanduku. Nililiweka Kamome ndani ya boksi la machungwa, chini ya meza ya chai, nimelilaza boksi mdomo ukiangalia uwanja na kitambaa juu yake. Swichi iko chini ya bodi, kwa hiyo nililiwasha mapema. Rimoti niliificha ndani ya koti, imezimwa. Niliona nimefikiria kila kitu.

Zamu ya gari la Urushibata ikafika. Jekundu, linang'aa, mraba. Urushibata alishainua rimoti Mkurugenzi alipotikisa kipepeo chake cha kujipepea na kusema afungue Mkuu Hagita, mwenye idara. Urushibata akatoa rimoti kwa mikono miwili na tabasamu la mtu anayetoa figo. Mkuu akaipokea. Akasukuma.

Gari jekundu likaondoka. Boksi la machungwa likatikisika. Kamome likatoka na kitambaa changu kichwani.

Rimoti yangu ilikuwa bado kotini. Sikuwa nimegusa kitu.

Mkuu akakata kushoto kumfurahisha Mkurugenzi: jekundu likaenda kushoto, na Kamome likaenda kushoto. Akanyoosha, yakanyooka. Kitambaa kikaanguka. Magari mawili, mkono mmoja, upande huu wa uwanja na ule, kama mapacha waliogombana lakini bado wamevalishwa sare. Watoto wakashangilia. Mkurugenzi akapiga makofi, akidhani ndiyo ratiba. Mkuu Hagita peke yake hakushangaa. Aliliona lile jeupe na uso wake ukasimama.

Wala hakuacha kuendesha.

Upande wa kulia wa uwanja kuna nguzo ya goli, ya chuma. Kamome lilikuwa linaijia ubavuni. Upande wa kushoto kuna mtaro wa maji ya mvua, na jekundu lilikuwa linauelekea. Akikata kulia, jekundu linapona na Kamome linaivaa nguzo. Akikata kushoto, kinyume chake.

"Kulia, Mkuu!" Urushibata alikuwa anapiga kelele. "Mkuu, kulia, mtaro huo!"

Mkuu Hagita alitazama jekundu. Akatazama jeupe. Nilikuwa karibu naye, niliona kidole gumba chake.

Akakata kushoto.

Jekundu likaruka mtaroni na sauti ya sufuria. Kamome likaipita nguzo kwa upana wa kucha, likachukua kona ndefu, chini, tulivu, vumbi likiinuka nyuma yake, na yule bwana akaliacha lizunguke uwanja wote, na tena, na tena, Urushibata akiwa magotini mtaroni analiopoa lake.

Urushibata alinikuta nimeganda na rimoti imenitoka kotini. Akatazama utepe wa buluu. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa kristali, ya njano.

"Umebadilisha utepe," akasema polepole. "Kristali ukaiacha."

Nikamweleza kwamba tangazo linataja utepe tu.

"Na tangazo aliandika nani, dogo?"

Nikaenda kuokota kitambaa changu. Swali lilikuwa la uchokozi.

Jumanne, 11 Oktoba.

Nilivaa tai nyeusi kwa kuwa niliamini nafukuzwa. Asubuhi nzima nilijifunza sentensi ya kumkabili nayo: unifukuze mimi, lakini gari hili halina kosa. Nzuri sana. Niliirudia chooni mpaka mhasibu akaniuliza kupitia mlangoni kama nina homa.

Mkuu Hagita akaniita. Dada Tomoe alikuwemo, na Urushibata, suruali bado ina tope. Kamome lilikuwa mezani. Mkuu akasema jana kidole kiliteleza. Kilikuwa na jasho. Akamtazama Urushibata mpaka Urushibata naye akasema ndiyo, jua lilikuwa kali.

Kisha akalipindua Kamome na kuona mistari yangu ndani.

"Hii anaiangalia nani? Betri?"

Dada Tomoe akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mimi nilijaribu kuanza ile sentensi. Nikafika "unifukuze". Mkuu akasema hakuna aliyeomba.

Kisha akaniketisha. Mkuu aliniketisha. Akasema Kamome litakuwa bodi ya pili ya gari jipya, na mfano usiende popote. Akasema aliona jambo jana kwenye ile kona: pua inainuka. Zamani haikuinuka kwa sababu kijiti kiliishika ndani ya mfereji. Nusu ya usanifu ilifanywa na mfereji, yeye alichora nusu tu na hakujua. Sasa hakuna mfereji, hewa inaingia chini, siku moja kasi ikizidi litapaa lipinduke. Kwa hiyo pua ikatwe ishuke, mashavu yapanuliwe kidogo. Alikuwa anaonyesha kwa penseli, haraka, na hakuwa na umri wowote. Urushibata akainama. Akasema ukipanua hapa na hapa, Mkuu, unapata na upepo wa kupoza injini. Wakaanza kuchora pamoja, kichwa kwa kichwa.

Seremala anakuja Alhamisi saa tatu na msumeno.

Nikasema ndiyo, Mkuu.

Moyoni nimesikia neno moja tu. Ikatwe.

Jumatano, 12 Oktoba.

Sikulala. Pua ya Kamome! Pua ndiyo Kamome lenyewe. Kulinusuru na moto ili lipelekwe kwa msumeno, hiyo si kunusuru. Kwamba aliyelichora ndiye anayetaka kulikata hakunibabaishi. Yeye alilichora tu. Mimi nililipenda.

Nilimdokezea Dada Tomoe. Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, umeshinda. Watu wakishinda huwa wanakaa chini wanakula. Kaa."

Nikamwambia sikai. Akasema hata mbuzi akifunguliwa kamba huwa anaondoka mlangoni. Sijaona uhusiano.

Mpango wa sasa ni rahisi, na ndiyo nguvu yake. Makosa yangu ya nyuma yalitokana na kushirikisha watu na mitambo. Safari hii niko peke yangu, bila umeme. Seremala hawezi kukata asichokiona. Mfano nimeuhamisha kutoka kabati la Mkuu. Wataipekua ofisi, watapekua mashine ya Dada Tomoe, watapekua hata chumba changu. Hawatatazama mahali pamoja: lile rundo la kuni za Mzee Nezu ghalani. Nani atatafuta kitu kilichookolewa katikati ya vilivyohukumiwa? Nimeuzika katikati kabisa, chini ya mifano ya majumba ya kale na manowari, nikazikaza zote kwa kamba ili usionekane hata ukisimama juu yake. Seremala atasubiri, atachoka, ataondoka. Nezu anakuja mchana. Saa nne nitakuwa nimeshautoa.

Nilipokuwa nafunga ofisi simu ikalia. Ni Mzee Nezu mwenyewe, mtu mpole sana. Akasema kesho lori lina safari mchana, je, anaweza kupitia alfajiri badala yake? Akaomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia hakuna usumbufu hata kidogo, mzee wangu. Ndiyo. Ndiyo. Mlango wa ghala nitauacha wazi, mzigo umeshafungwa uko karibu na njia, achukue tu, asihangaike kunisubiri.

Nimekula vizuri. Nimepiga pasi shati. Kesho saa tatu Mkuu akiniuliza mfano uko wapi, sitasema ndiyo. Nitamtazama machoni, na nitamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mhasibu: uko salama, na hakuna msumeno utakaougusa.